Sufuria Ndogo ya Mwonjaji

Siku mliyoniaga mliniomba niseme maneno machache ya busara kwa wapishi vijana. Nilisema asanteni, nikakaa, nikala wali. Haukuwa unyenyekevu. Sikuwa na busara iliyokuwa tayari, na wali ulikuwa unapoa. Sasa nimekaa nyumbani Kinyala miezi kadhaa, naamka alfajiri ileile bila kuitwa na mtu, nawasha moto wa kupikia watu wawili, na maneno yamekuja. Nayaandika, maana nikiyasema kwa mdomo mtayatia chumvi, na chumvi najua mnavyoimimina.

Vyeo sitavitaja. Niliingia nikiwa mpishi msaidizi nikatoka mpishi mkuu, na tofauti kati ya hao wawili ni kwamba mkuu ndiye anayeitwa ugali ukiwa mbichi. Mshahara nao tuuache upumzike, umefanya kazi nyingi kuliko uwezo wake.

Siku yangu ya kwanza kwenye jiko la shule ilikuwa ya mvua, jambo ambalo kwa Rungwe si habari. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa hadi darini, na ndani ya moshi kulikuwa na mtu anakohoa. Huyo alikuwa Mzee Ambokile, mpishi mkuu wa wakati ule. Sikumwona sura hadi saa nne. Alinipa mwiko mrefu kunizidi, akaniambia nisonge, na nilipoushika kama ninavyoshika mwiko wa nyumbani, ugali haukutikisika hata kidogo. Alinitazama akasema, "Huo si mkono wa kusongea mume, mwanangu. Hapa wapo mia nne. Simama miguu iachane, sukuma kwa kiuno." Jioni nilishindwa kuinua kijiko changu mwenyewe.

Yule mzee hakuwa amesoma, lakini chakula alikisoma vizuri. Maharage aliyamwaga kwenye beseni la maji kabla ya kuyapokea, yaliyoliwa na wadudu yakaelea, naye akamrudishia muuzaji yaliyoelea mbele ya macho yake. Mchele aliutafuna mbichi. Unga aliukamata kwenye kiganja, akaukunja ngumi, akafungua: ukimomonyoka ni mkavu, ukibaki na alama za vidole una unyevu. Kisha aliupulizia pumzi ya moto na kuunusa haraka. Alisema ukungu hujificha kwenye ubaridi, ukiupasha joto unajitokeza. Hayo yote nimewafundisha, na nimewaona mkiyafanya nikiwepo.

Ila kuna jambo moja alilonifundisha ambalo sikuwafundisha. Nataka mjue kwa nini.

Shule ilikuwa na sheria, na bado inayo, kwamba mwanafunzi hali kabla mwalimu wa zamu hajaonja. Mwalimu anakuja jikoni, anaonja, anaandika kwenye daftari la kuonja, anatia sahihi, ndipo sahani zinaanza kupita. Sheria nzuri sana. Aliyeitunga bila shaka hakuwa na jamaa huku kwetu.

Maana kwa Mzee Ambokile, mwalimu akivuka kizingiti cha jiko hakuwa mkaguzi, alikuwa mgeni. Na mgeni huwezi kumchotea kwenye sufuria ya watu mia nne, kwa upawa, kama anayelishwa msibani. Hiyo ni aibu ya kwenda nayo kaburini. Kwa hiyo pembeni kulikuwa na jiko dogo la mafiga matatu, na juu yake sufuria ndogo ya mwonjaji. Humo kiliingia chakula kilekile, ila kimepikwa taratibu, na maharage yake yameungwa kwa kitunguu cha kutosha. Alichobakiza mwonjaji kilikuwa halali ya sisi wapishi. Sikuona kosa, na sidhani lilikuwepo. Mchele ulikuwa mmoja, unga mmoja, nyama ilitoka kwa ng'ombe mmoja. Tofauti ilikuwa kitunguu.

Mzee Ambokile alistaafu, nikarithi mwiko na sufuria zote mbili. Kisha bei zikaanza safari.

Zilianza na sukari. Kisha mafuta, ambayo tulikuwa tunamimina kwa kikombe, tukaja kwenye kijiko, na mwishowe nilikuwa naonyesha tu dumu kwenye sufuria. Nyanya nilitia moja, ili asitokee mtu wa kuapa kwamba haikuwepo. Nyama nilijifunza kuikata vipande vya kuonekana, yaani mwanafunzi anaiona, anashukuru, na inapofika kinywani imeshapita. Kitunguu na viungo nilikuwa nanunua kwa Bwana Saidi, mwenye duka dogo karibu na soko la Tukuyu, mtu mpole asiyejua kudanganya mizani. Kila nilipolalamika alishika kifua. "Mama Lugano, wallahi bei sipandishi mimi. Nami nikifungua duka asubuhi naikuta imeshapanda." Nilimwamini. Kila mtu niliyemuuliza aliikuta imeshapanda, na sijakutana na hata mmoja aliyeipandisha.

Kibaya zaidi ni kwamba kadiri chakula kilivyopanda bei ndivyo kilivyoshuka hali. Mtu angedhani kimoja kingemwonea haya mwenzake. Mchele uliitwa wa Kyela kwenye gunia, ukiupika unakuwa wa kwingine kabisa, umevunjika na hauna harufu. Kutoka dirishani mwa jiko unaona mashamba ya chai hadi macho yanachoka, na kwenye kikombe cha mwanafunzi unakuta vumbi la chai hiyohiyo. Maparachichi zamani tulikuwa tunawapa watoto na nguruwe bila kuhesabu nani kala ngapi. Siku hizi yanapokelewa kwa mizani na watu waliovaa glavu, yanapakiwa kwenye gari la ubaridi, yanaondoka, na sisi tunauziwa yenye makovu. Ndizi nzuri nazo zinapanda lori Kiwira kwenda kuwashibisha wa mjini. Wilaya yetu inalisha nchi, na bado sijapata jibu la nani anailisha wilaya.

Nilihangaika, na mliokuwa nami ni mashahidi. Tulipanda mchicha nyuma ya stoo. Maharage ya wadudu tuliyachambua hadi macho yakauma. Magimbi tuliyachanganya na ndizi, tukaita chakula maalumu cha Jumamosi, watoto wakashangilia jina. Lakini katika kuhangaika kote huko sikugusa sufuria ndogo. Mgeni hana hatia na bei ya mafuta. Mchele wake niliutenga kwenye kopo lenye kifuniko, mafuta yake kwenye chupa, unga wake nilikuja nao kutoka nyumbani. Sufuria kubwa ilivyozidi kuwa mbaya, ndogo ilizidi kuwa nzuri, kama vile naomba radhi. Walimu wakawa wanagombania zamu.

Na daftari likaandikwa. Kizuri. Kizuri. Kizuri sana. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliandika "kitamu ajabu" akapiga mstari chini yake. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwetu ilitimia barabara: mgeni alikuja, akaonja, akabakiza, na sisi wenyeji wa jikoni tukapona. Waliokuwa nje wameshika sahani, msemo haukuwataja.

Mkuu wa shule wa miaka yangu ya mwisho mnamjua, Mwalimu Gwamaka, kijana wa huku huku, sauti ya chini, mkono wa kushoto daima umeshika kiwiko cha kulia anapokupokea kitu. Kwenye mkutano wa wazazi alikuwa anafungua daftari na kusoma kwa sauti. Wazazi walipiga makofi. Nami nilisimama mlangoni na kanga mpya nikayapokea. Naona haya kuandika hivyo, lakini niliyapokea.

Basi mwaka ule mjukuu wangu Bupe, mtoto wa Lugano, alikuwa kidato cha pili palepale shuleni. Likizo akaja kwangu Kinyala. Nikamsongea ugali wa mahindi yangu, yaliyokaushwa kwenye kichanja na kusagwa wiki ileile. Alikula matonge mawili akasita.

"Bibi, unga huu wa wapi?"

"Wa hapa nyumbani. Una nini?"

"Haunuki unga."

Nilicheka. Nikamwambia unga haunuki. Akanitazama kwa heshima, kama mtoto anavyomtazama mkubwa aliyekosea, akasema, "Wa shule unanuka, Bibi. Nilidhani ndivyo ulivyo." Kisha akaendelea kula.

Usingizi ulikuja kwa taabu usiku ule. Nilikuwa nahesabu ni lini mara ya mwisho mimi mwenyewe nilikula kutoka sufuria kubwa. Sikuikumbuka. Miaka yote hiyo nilipika chakula kimoja nikala kingine, na ulimi wangu ulikuwa umezoea meza ya mgeni. Kuhusu pua, mkikaa kwenye moshi kwa muda niliokaa mimi mtajua kwamba pua hustaafu mapema kuliko mwenye nayo.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda stoo kabla ya kuvaa aproni. Nikafungua gunia la katikati, si la mlangoni ambalo mzabuni anayetuletea unga huliweka lionekane. Nikakamata unga, nikakunja ngumi. Ulibaki na alama za vidole vyote vitano. Nikaupulizia, nikausogeza hadi ukagusa pua. Hata pua yangu iliamka. Nilisonga kidogo nikaonja: uchungu, na nyuma ya uchungu harufu ya nguo iliyoanikwa ndani. Ukungu wa namna hiyo una sumu, isiyomwangusha mtu leo wala kesho bali inakaa ndani yake inasubiri, na haitoki kwa kuchemshwa. Hilo nilifundishwa kwenye semina ya afisa afya na nililijua kabla, kutoka kwa Mzee Ambokile, bila semina. Na Bupe alikuwa ameshaula hadi akadhani ndiyo ladha ya ugali.

Nikaenda ofisini. Mwalimu Gwamaka alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza. Kisha akavuta daftari la kuonja, akalifungua mbele yangu.

"Mama, nikimwambia mzabuni unga wake ni mbovu atauliza nani kasema."

"Mimi."

"Na hili linasema nini?"

Niliona "kitamu ajabu" kwa wino mwekundu.

"Afisa afya naye atataka kuliona," akasema. "Muhula mzima walimu wangu wameonja wakaandika kizuri. Niseme wote ni waongo? Na bei ya unga mjini umeiona, Mama. Nikirudisha magunia bila ushahidi, hatatuletea mengine, na kesho watoto watakula nini?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anauliza maswali ambayo mimi ndiye niliyeyapikia majibu. Ningeweza kumwambia pale pale habari ya sufuria ndogo. Ulimi ulikataa. Badala yake nikamwambia, "Basi kesho uje uonje wewe mwenyewe." Akakubali, mradi tusiwatie watoto hofu.

Kesho yake nilichemsha maharage kama kawaida. Maji ya ugali nikayaweka kwenye sufuria kubwa, yakachemka, nikayaacha bila kutia unga. Kwenye sufuria ndogo, safari hii, nilisonga ugali wa watu wawili kwa unga wa lile gunia. Maharage nikachota yale yale ya watoto. Wenzangu jikoni waliniona wakadhani nimechanganyikiwa. Mmoja alikwenda kuleta kopo la mchele wa mgeni, nikamwambia alirudishe.

Mvua ilikuwa inanyesha. Watoto walishajipanga chini ya baraza wameshika sahani, Bupe wa nne kutoka mwisho. Mkuu akaja na tai yake, akanawa, akakaa kwenye kigoda.

"Karibu, Mwalimu."

"Ndaga, Mama," akashukuru.

Nami nikakaa nikajichotea, maana kumlisha mtu kitu cha namna ile peke yake ningeona ni uchawi. Akamega, akachovya, akatia kinywani. Niliona taya likisimama. Kisha likaendelea, polepole, kama la mtu aliyelelewa. Akameza.

"Kizuri," akasema. Akavuta daftari, akaandika.

Nilikuwa nimepanga mambo yote isipokuwa hilo. Nilidhani akionja atasema. Nilisahau kwamba naye ni wa huku, na mtu wa huku hamwambii mama mwenye umri wa mama yake, mbele ya chungu chake, kwamba chakula ni kibaya. Afadhali afe. Na mimi nami siwezi kumwambia mgeni wangu kwamba anadanganya. Tulikaa pale watu wawili wenye adabu, na maji yalikuwa yanatokota kwenye sufuria kubwa, na nje watoto wanangoja nisonge.

Mkono wangu ukafanya kitu ulichozoea. Ukachukua mwiko.

"Basi ongeza, Mwalimu."

"Nimeshiba, Mama."

"Kwa tonge moja? Au hukukipenda?"

"Mwee, nimekipenda sana."

"Kula basi."

Nikamwekea bonge. Mnajua desturi: "nimeshiba" ya kwanza haisikilizwi, ya pili ni ya adabu, na aliyesifia chakula hana pa kukimbilia. Mama yake alimlea hivyo, na mimi nilikuwa naitumia kazi ya mama yake. Akala. Nami nikala, na nawaambia kweli, machozi yalinilenga, si kwa uchungu wa unga peke yake. Alipofika nusu nikainua tena mwiko.

"Ongeza kidogo, baba. Chakula chenyewe kizuri."

Akaitazama sahani. Nje mtoto mmoja akagonga sahani yake kwa kijiko, wengine wakafuata. Mkuu akageuza shingo akawaangalia kupitia mlangoni, safu nzima hadi mwisho.

"Hiki ndicho wanachosubiri?"

"Bado sijawasongea. Maji yao ndiyo yale. Umeandika kizuri, kwa hiyo ukimaliza kula nasonga."

Kisha akaiweka sahani chini, akachukua kalamu, akakata neno alilokuwa ameandika na kuandika chini yake: *Unga una ukungu. Chakula hakifai kuliwa.* Akatia sahihi, akanywa maji vikombe viwili.

"Mama, kwa nini hukuniambia tu?"

"Nilikwambia jana, Mwalimu."

Ndipo nikamweleza habari ya sufuria ndogo, tangu Mzee Ambokile hadi kopo lenye kifuniko. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Kumbe ndiyo maana nilikuwa naipenda zamu yangu," akatoka mvuani bila mwavuli.

Watoto walikula saa tisa, maharage na ndizi tulizonunua kwa akina mama wa barabarani, zilizokuwa zinangoja lori. Afisa afya alikuja, akasoma ukurasa mmoja, magunia yakarudi yalikotoka. Unga mwingine ulikuja mweupe, mkavu, na ghali, kwa hiyo ugali ukapungua ukubwa, na watoto ambao hawakuwahi kulalamikia sumu wakalalamikia udogo. Jiko la mafiga matatu nililivunja kwa mikono yangu. Tangu hapo mwonjaji anachota sufuria kubwa, kwa upawa, na walimu wengi wa zamu wakagundua kwamba wana vidonda vya tumbo. Mwalimu wa hisabati ndiye pekee ambaye hakukosa zamu. Siku moja aliandika "maharage yameungua." Yalikuwa yameungua. Nilikasirika siku mbili.

Likizo iliyofuata Bupe alikuja tena. Nilimkalisha nikamwambia yote, kwamba bibi yake alikuwa anawapikia chakula kimoja na kula kingine. Nilijiandaa kwa kilio, au kwa kununiwa. Akaendelea kupepeta mahindi.

"Tulikuwa tunajua, Bibi. Kutoka darasani kwetu mioshi ilikuwa inaonekana miwili, wa kwetu na wa mwalimu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Wewe ni bibi yangu. Ningekwambiaje chakula chako kibaya?"

Nikapakua ugali, nikamwongezea mboga bila kumuuliza. Akala wote, akasema ni mtamu, na hadi leo sijui kama ulikuwa mtamu.